Faili la Mama Lebo Lilivyookolewa na Ofisi Yangu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa anayemkaimu Makamu endapo hatakuja, waganga, wauguzi, na ninyi wagonjwa mlioweza kusimama: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Minong'ono.)

Nimesimama hapa, mimi Mkurugenzi wenu wa Mageuzi ya Kidijitali, kuzindua Mradi Jumuishi wa Kuhifadhi Mipangilio ya Kompyuta, ambao kwa mujibu wa strateji yangu umeshafanikiwa kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi, safu ya mbele tu.)

Mnamfahamu mfamasia wetu, Mama Lebo. Kwa miaka sita amekuwa akiirekebisha programu ya dirisha la dawa kidogo kidogo: herufi kubwa kwa wazee, onyo jekundu kila dawa ya mtoto inapozidi kipimo, na yote hayo yalikaa kwenye faili moja dogo. Jumanne, nilipokuja binafsi kusimamia uwekaji wa toleo jipya, kompyuta ikauliza: tubakize faili lenu au tuweke la kiwandani? Mama Lebo akasema, "Bosi, bakiza letu, tafadhali." Mimi, kwa kuwa ni mtu wa maendeleo, nikabonyeza la kiwandani. (Mtu anaguna.)

Saa nne asubuhi baba mmoja akarudi dirishani na chupa mkononi.

"Dada, mwanangu ana miaka miwili. Kweli ni vijiko vinne?"

"Umeshampa?"

"Bado."

Mama Lebo akaipokea ile chupa kwa mikono miwili, akaketi. Kisha, bila kibali changu cha maandishi, akafunga dirisha, akatoa nakala aliyoihifadhi pembeni, akalinganisha mafaili mawili mstari kwa mstari. Mipangilio yake ikarudi, mipya yenye manufaa ikabaki, na kabla ya adhuhuri onyo jekundu likawaka. Foleni nzima ikampigia makofi, nami nikayapokea kwa niaba yake. (Kicheko.)

Ndugu wadau, huo ndio uongozi shirikishi! Mipangilio! (Kimya.) Mnajibu: idumu! Mipangilio! (Sauti mbili: Idumu.)

Nikihitimisha, nawashukuru waliochapa fulana na bango, na namshukuru Mama Lebo, ambaye ananinong'oneza hapa, na naona kipaza sauti kimeshamnasa, kwamba mradi wenyewe haupo, hauna ofisi, hauna mtumishi, hauna hata ukurasa mmoja, na anaomba nisiiguse tena kompyuta yake. (Ukumbi mzima unasimama, makofi na vigelegele.)

Asanteni, asanteni sana. Kwa kweli sikutegemea mngenipenda kiasi hiki.