Kijiji Nisichoweza Kukitaja

Jumatatu, 3 Juni
Baridi ya kukata masikio. Makwenya, maandazi yangu ya kukaanga, yote yameisha langoni pa chuo kabla ya saa nne, mafuta bado moto, mwanangu Nthati mgongoni ndani ya blanketi. Ndipo nikaona tangazo ukutani: masomo ya jioni ya historia kwa watu wazima, hata walioishia kidato cha tatu. Mimi huyo! Kwanza usaili. Mtu aeleze historia ya kijiji chake.

Malikeleli, anayekaanga makwenya pembeni yangu (magumu kama tofali), akauliza historia itanipeleka wapi. Nikamwambia wengine wanafundisha, wengine wanaitwa mahakamani ardhi ikigombewa, wengine wanatunza karatasi za kale. Akacheka, akasema basi wateja wangu watakuwa wafu, shoga, na wafu hawanunui kitu.

Hajui yeye. Kuna chumba humo chuoni, siku moja nilikuta mlango wazi. Karatasi mpaka darini. Mama mmoja mwenye glavu nyeupe anafunua ukurasa kama anayemfunua mtoto aliyelala. Tangu siku ile naitamani mikono ile. Natazama vidole vyangu vya unga, naona aibu.

Jumatano, 5 Juni
Balaa! Nimekumbuka nikiwa nakanda. Kijiji chetu kinaitwa kwa jina la mzee aliyekianzisha. Baba mkwe wangu karithi jina hilohilo. Na mke wa mtu hatamki jina la baba mkwe wake. Hata humu siliandiki, mkono unakataa. Tangu niolewe, nikiulizwa nakaa wapi nasema kule kwenye mlima uliovunjika. Nitasailiwaje juu ya kijiji nisichoweza kukitaja?

Jioni: nimepata dawa! Nthati ameanza kusema. Mtoto hana miiko. Nitaenda naye, nimfinye kidogo, ataje yeye. Nina akili mimi!

Jumamosi, 8 Juni
Tatizo dogo. Nitamfundishaje neno nisilolitamka? Nimemwomba Malikeleli, yeye hajaolewa kwetu. Amekubali, ila nimwachie kona yangu ya jua pale langoni. Kona yangu! Nimekubali. Mchana kutwa kamwimbia Nthati jina, mimi nimekimbilia kisimani nisisikie.

Mume wangu Sekhobe kapiga simu kutoka migodini. Kasema nisome, mke wangu, ila nisiiaibishe nyumba. Nikasema hata kidogo. Sauti yake ilikatika kabla sijamwambia nimemkumbuka.

Jumanne, 11 Juni
Usaili. Wahadhiri wawili: bwana mwenye tai, na yule mama wa glavu mwenyewe! Moyo ulinidunda mpaka Nthati akaamka. Bwana akauliza natoka kijiji gani. Nikamfinya Nthati. Akasema kwenya. Nikamfinya tena. Kwenya! Bwana akauliza kama hicho ni kijiji kipya.

Nikaeleza yote. Mzee alivyoikimbia njaa, alivyovuka mto na mbuzi weusi, alivyogawa mashamba. Jina, kimya. Bwana akasema masimulizi matamu, dada, ila bonde hili kila kijiji kina mzee na mbuzi wake, huyu ni yupi? Mama wa glavu akaniuliza polepole kama nimeolewa huko. Nikaitika kwa kichwa. Akatabasamu, akasema nirudi Ijumaa na mtu wa kunisemea.

Jumatano, 12 Juni
Wazee walikuja kunywa pombe uani. Nthati akapita katikati yao, akamshika baba mkwe goti, akamwita kwa jina. Wazi kabisa! Kama chifu anamwita mchungaji! Jana alikuwa wapi?

Mama mkwe akaangusha kata. Akauliza mtoto huyu kalishwa nini, huku macho yako kwangu. Nikasema yote, nimepiga magoti, nikingoja kurudishwa kwetu. Baba mkwe akacheka mpaka akakohoa. Akasema nyumba hii imejaa wanawake na hakuna anayemwita, jina lake alikuwa karibu kulisahau. Ijumaa atakwenda nami.

Ijumaa, 14 Juni
Kaja kweli, na blanketi lake la sherehe na kofia ya majani. Kasimama mbele ya wahadhiri, kataja jina lake, la baba yake, la babu yake, akapanda hivyo mpaka kwa yule wa mbuzi. Bwana wa tai anaandika, jasho linamtoka. Mimi nimejifunika blanketi kichwani kwa heshima.

Halafu mama wa glavu akauliza mke wa yule mzee aliitwa nani, kabla hajawa Mama Fulani. Baba mkwe akaivua kofia. Akasema huyo aliitwa mama tu, mwanangu.

Mama huyo naye alivuka mto uleule. Labda na mtoto mgongoni. Na mimi hapa ni Manthati, mama yake Nthati, basi. Jina nililozaliwa nalo, kijiji kizima nani analijua?

Mama wa glavu akaniambia wanawake wa nyumba hukumbuka. Nimwulize mama mkwe, kwa adabu, waziwazi. Nikileta jina hilo Jumatatu, nafasi ni yangu.

Nimwulize tu? Hivihivi? Asubuhi yote nzuri nimwendee na swali? Hapana! Nina njia bora. Kesho nitaamka nikilia. Nitasema nimeota bibi wa kale kasimama mlangoni, baridi imempiga, anakataa kuingia mpaka aitwe kwa jina lake. Mama mkwe anaogopa ndoto kuliko radi. Atataja majina yote anayoyajua, hata ya kuku.

Kulia sitapata shida. Nikimfikiria bibi huyo, machozi yako tayari. Kazi itakuwa kuificha kalamu ya kuliandikia jina.