Kisu changu cha China na bugali ya Mchungaji

Kacha!

Hiyo sauti ninayo masikioni mpaka leo. Ni kisu cha kukunja cha marehemu baba, kule kambi ya wakimbizi, akimaliza kukata mche wa sabuni. Alikuwa anakata vipande sawasawa, anagawa: cha bibi yetu Koko, cha mama, cha dada yangu mkubwa, yaya Espérance, cha kwangu. Kisha anakunja kisu. Kacha! Ukisikia hivyo ujue imekwisha, hakuna kunung'unika.

Bon. Nimewaambia sauti, sasa niwaambie aibu. Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya Mchungaji, mbele ya shemeji, mbele ya nyama. (Hasa mbele ya nyama.)

Mnaonifuata hapa mnajua ni muda sasa nawasumbua na picha za kisu changu. Cha kukunja, kimetengenezwa China, mpini wa mti mwekundu. Nilikiona kwenye simu nikiwa mapumzikoni kazini. Bei yake ni chakula cha mchana, tena bila soda. Kwenye picha kuna mwanamume mwenye ndevu, yuko juu ya mlima, anakata kamba nene kama mkono wangu. Mimi nakaa Newburg, Louisville, hapa Amerika, ghorofa ya chini. Kamba sina. Mlima sina. Lakini nilipouona ule mpini mwekundu, sawasawa na wa baba, moyo wangu ulifanya kacha.

Nikanunua. (Na zile ndevu pia zilichangia.)

Kilipofika nilikijaribu. Karatasi, ikakatika. Nyanya, ikakatika. Nywele za mkono, zikaisha zote, mpaka leo mkono mmoja unang'aa kuliko mwenzake. Nikatuma video kwenye grupu ya familia: "Wanaosema vitu vya China havifai, waje waone!"

Baba mdogo akajibu kwa ujumbe wa sauti kutoka Buffalo. Huyu ni mdogo wake baba, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nyama, kwa hiyo habari za visu hataki kuambiwa na mtu.

"Neema, mtoto wangu. Hiyo iko kisu ya kuchezea. Kisu ilikuwa ile ya baba yako! Ile ilitoka Ubelgiji. Chuma ya kweli. Hii yako itakukimbia mbele ya watu."

(Mwisho wa habari hii mtajua kwamba Baba mdogo ni nabii.)

Sasa mnielewe kwa nini nilikuwa na haraka ya kusifu kisu. Tulipoletwa Amerika, tuligawanywa. Mimi na mama tukawekwa Louisville. Yaya Espérance na mume wake, shemeji Jules, wakapelekwa Columbus, mtaa wa Linden. Baba mdogo na Koko, mama mzazi wa Baba mdogo na wa marehemu baba, wakafika Buffalo, kule Riverside kwenye baridi. Aliyetugawa hakuuliza nani anapenda kidari. Donc, mara moja kwa mwaka tunakutana, tunaoka mbuzi, tunajihesabu kama tupo.

Na kwetu, anayeshika kisu siku hiyo si mpishi tu. Ndiye anayegawa. Kila nyumba inapata fungu lake, na kidari kinakwenda kwa mkubwa kuliko wote. Hiyo ilikuwa kazi ya baba. Tangu afariki anaifanya Baba mdogo, lakini bega lake limechoka. Mwaka huu alisema anataka kumwachia mtu moja kwa moja.

Nikaandika kwenye grupu: "Mimi."

Kisha shemeji Jules akaandika: "Mimi niko na mashine."

Mashine! Ni kisu cha umeme, kile Wamarekani wanachokatia bata mzinga.

Baba mdogo akaamua: "Neema ataanza. Akishindwa, Jules anashika, na imeisha."

Ndiyo hiyo niliyoamka nayo leo. Nyama si shida, nyama nakula kila wiki. Nilitaka kusimama mahali baba alipokuwa anasimama.

Asubuhi nikakipaka kisu mafuta ya alizeti. Nikakipaka vizuri, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Nikaona ile skrubu ya pembeni inachezacheza kidogo. Nikaikaza kwa kucha, nikaiambia, "Kaa hapo." (Ikanisikiliza kama watoto wa siku hizi wanavyosikiliza.)

Wageni wakafika. Tukaweka meza nje, nyuma ya nyumba. Bugali, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, ndizi, na mbuzi katikati kwenye sinia, bado anatoa moshi. Mchungaji wetu wa hapa Louisville alipakuliwa kwanza, kwa heshima. Bugali yake ilikuwa kubwa, ya mviringo, imekaa mbele yake kama kilima.

Shemeji Jules akapitisha waya mrefu kwenye dirisha la jikoni kwangu mpaka mezani. Akaiweka mashine yake juu ya taulo. Taulo! Kama mgonjwa.

Nikamwuliza, "Shemeji, hiyo mashine haiwezi kitu bila umeme?"

"Na hiyo yako inatumia nini?"

"Imani."

"Basi Mchungaji aombe haraka."

Mchungaji akaomba. Lakini haraka? Hapana. Alianza na Koko, akashukuru kwa goti lake la kushoto, kisha la kulia. Akaenda Congo. Akapita kule milimani kwetu, kijiji kwa kijiji, hakuruka hata kimoja. Akarudi Amerika. Akawaombea wenye zamu za usiku, wenye kesi za karatasi za uhamiaji, wenye magari ya zamani. Mimi nikafungua jicho moja. Mafuta ya mbuzi yameanza kuganda kwenye sinia! Mchungaji ndiyo kwanza anaingia kwenye barabara ya Buffalo, anaiombea theluji.

Nikatazama watu. Wote wamefumba macho. Nikasema moyoni, acha nianze polepole, amina itanikuta mbele.

(Ndiyo. Nilikata nyama katikati ya maombi. Endeleeni kusoma, mnihukumu mwishoni.)

Pande la kwanza, safi. La pili, safi. Kisu kinateleza kama kimezaliwa kwa kazi hiyo. Nikajiona mimi ni baba mzima. Nikafika kwenye kiungo cha paja. Kikagoma. Nikaegemea.

Kisu hakikusema kacha. Kilisema ting!

Nikaangalia mkononi: mpini upo, ubapa haupo. Nikaangalia kwenye nyama. Haupo. Chini ya meza. Haupo. Mungu wangu, umeingia kwa nani?

"...katika jina la Yesu, amina."

"AMINA!"

Macho yote yakafunguka. Mchungaji akanawa mikono, akakunja mikono ya shati, akapeleka vidole kwenye bugali. Vidole vikasimama hewani.

Katikati ya kile kilima, ubapa wa kisu changu umesimama wima, unang'aa mafuta ya alizeti.

Macho yakaanza safari. Yakatoka kwenye bugali, yakapita kwenye sombe, yakavuka sinia, yakanifikia mimi. Nimeshika mpini mwekundu mtupu, kama mtu anayetaka kubadilisha chaneli.

Mchungaji akasema kwa upole, "Dada Neema, mimi niliomba baraka. Upanga sikuomba."

Basi! Shemeji Jules alianguka kwenye majani, kweli alianguka. Yaya Espérance akalia machozi, na wanja wote ukashuka. Mtoto wake mdogo akaniomba kwa Kiingereza chake nirudie tena. Mama yangu, aliyenizaa, akageuka kando, mabega yanatetemeka.

Baba mdogo peke yake hakucheka. "Ngoja kwanza. Wakati tunaomba, weye ulikuwa unakata?"

Hapo ndipo nilipojua nina kesi mbili.

"Jules," akasema, "washa."

Vrrrrr! Na sitadanganya, ile mashine inakata. Inakata vizuri mpaka inakera. Shemeji anakata na kutupa kwenye sinia, anakata na kutupa, anatabasamu kama yuko kwenye tangazo. Mimi nimesimama pembeni na mpini wangu. (Hapa msicheke. Hapa iliuma. Niliona nafasi ya baba inaondoka na waya wa umeme.)

Ghafla Koko akagonga meza. "Kidari yangu iko wapi?"

Shemeji akazima mashine. "Koko, yote ni nyama."

"Yote ni nini?"

"Ni nyama, Koko. Iko ndani humo humo."

"Yaani nimekaa mu gari toka Buffalo, magoti yananiuma, nije kula nyama haina jina?"

Shemeji akatazama sinia. Kidari kilikuwa kimekatwakatwa, kimechanganyika na shingo na mbavu. Hakujua aanzie wapi.

Koko akanigeukia. "Neema, leta huo mpini."

Nikampa. Akaushika, akaupapasa, akaangalia tundu la skrubu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kitenge.

"Iko sawasawa na ile ya baba yako."

"Hapana, mama," Baba mdogo akadakia. "Ile ilitoka Ubelgiji."

"Ubelgiji ya wapi? Niliinunua mimi, soko ya kambi, kwa yule aliuzaka betri na vitana. Ilikuwa ya Chine! Na siku ya kwanza iliruka vile vile, ikaingia mu maharagi."

"Maharagi ya nani?"

"Yako. Ulikuwa umefumba macho, unaomba."

Baba mdogo akatazama sombe yake kama ndiyo imemkosea.

"Baba yake Neema aliifunga na waya," Koko akasema, sasa pole pole. "Akaishika mpaka akatuacha." Akanirudishia mpini. "Jules, weye kata na mashine yako. Neema agawe. Yeye alikuwa anaangalia baba yake akigawa."

Kila mtu akamtazama Baba mdogo. Akasugua bega lake. "Agawe," akasema. "Lakini angoje amina."

Nikanawa mikono. Nikaingia kwenye lile sinia, nikatafuta kidari pande kwa pande, nikakipanga kwenye sahani ya Koko mpaka kikarudi kuwa kidari. Fungu la Buffalo. Fungu la Columbus. Fungu letu. La Mchungaji nililiongeza, kwa sababu mnazozijua. Hakuna aliyenung'unika. (Isipokuwa shemeji Jules, lakini yeye hunung'unika hata akilala.)

Sasa ninyi mlioniuliza kama visu hivi vya China vinafaa kununua. Nunueni! Bei ni nzuri, vinakata, na usipokuwa na wa kukuchekesha, vitakuletea. Ila kazeni skrubu kwanza, kwa kitu kinachoitwa bisibisi, si kwa kucha. Na tafadhali, mkikutana na mimi kanisani kwenye chakula, msinyooshe vidole kwenye bugali.

Wenzangu walipokuwa nje wakipiga picha, niliingia jikoni peke yangu. Ubapa Mchungaji alinirudishia mwenyewe, ameufuta kwa kitambaa. Nikauosha, nikaurudisha kwenye mpini, halafu nikaufunga kwenye tundu la skrubu na kile kiwaya kinachofunga mfuko wa mkate. Wageni wote wanalala kwetu leo, na bafuni kuna sabuni moja tu, mpya, ndefu. Nikaiweka juu ya ubao. Nikakata taratibu: cha Buffalo, cha Columbus, cha kwetu. Nikavipima kwa macho, nikapunguza kimoja.

Kisha nikakunja kisu. Kikasema kch, kama mtu mwenye mafua.

Nikakifungua, nikakikunja tena.