Wafalme Wangu Wawili na Pai ya Oleta

Alhamisi, 3 Agosti 1978

Nimeshindwa tena. Kila Alhamisi mchana tunacheza poka nyuma ya duka la chakula cha ng'ombe, wazee sita, kwa maharage makavu, maana mchungaji kakataza pesa. Oleta ndiye anagawa karata, mbili mbili mkononi, nyingine anafunua katikati za wote. Anayewamaliza wenzake maharage, Jumapili Oleta anampelekea pai ya pichi nyumbani, anakaa naye wanakula. Ndivyo ilivyo tangu mumewe afariki. Miaka mitatu. Kwangu hajawahi kukaa. Mimi Orval, niliyechimba visima vya Texas magharibi yote, kimoja maji yalitoka yamechemka, tukatia kahawa tu.

Leo nilikuwa wa kwanza kusema kama naweka maharage au natupa karata. Nina tisa na nne. Nikapandisha dau hapo hapo, kabla karata za katikati hazijafunuliwa, waogope. Hakuogopa mtu. Dub Tackett, fundi wa vinu vya upepo, akaweka kama nilivyoweka huku anatafuna mkate. Akaniuliza, babu, huo wazimu umeamka nao au umelala nao? Maharage niliyobaki nayo hayatoshi mchuzi.

Ijumaa, 4 Agosti

Nimemkuta Oleta posta. Nikajifanya rafiki yangu ndiye anataka ushauri wa poka. Akasema nimwambie huyo rafiki, ukiwa wa kwanza kusema hujui wenzako wana nini, pandisha ukiwa na karata nzito tu. Ukiwa wa mwisho, umeshawaona wote wanasitasita, hapo pandisha hata na takataka. Halafu akasema kola ya huyo rafiki imekunjamana, akaninyooshea. Aliendelea kusema. Sikusikia. Mkono wake ulinukia pichi.

Nina mpango. Nikipata karata nzito nikiwa wa kwanza, sipandishi. Wamezoea kelele zangu, nikinyamaza watadhani sina kitu. Akili hii haifundishwi shule, ndiyo maana sikwenda.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimepata wafalme wawili, karata nzito kweli, na mimi wa kwanza. Nikaweka maharage mawili, nikapiga miayo ya makusudi. Wote watano wakaingia kwa bei ya bure. Dub alishika saba na mbili, takataka tupu. Amekiri mwenyewe, ningepandisha angezitupa. Katikati zikatoka saba, saba, tisa. Nikasukuma bakuli zima la maharage yangu. Dub, sasa ana saba tatu, akayazoa yote, akanipiga begani, asante babu kwa kunikaribisha.

Oleta alikusanya karata bila kunitazama. Au alinitazama. Mimi nilikuwa naangalia meza.

Jumapili, 13 Agosti

Gari la Oleta liko kwa Dub tangu saa nane mchana. Sichungulii. Kiti changu cha barazani kinaelekea huko tu. Nilikigeuza juzi.

Saa kumi na moja akasimama langoni kwangu. Akasema Dub kamaliza pai peke yake, kazungumza habari za vinu mpaka kasinzia. Akasema Jumapili ijayo ataoka nyingine, ya kwangu, mambo ya karata kando. Hata sasa hivi nikimkaribisha kahawa, anaingia.

Nikamwambia, Bi Oleta, Orval hali pai ya kuhurumiwa. Nitaipata mezani kama mwanaume.

Akasema haya basi, akarudi garini. Nimelisikiliza gari lake mpaka mlio ukaisha barabarani, na hata ulipoisha nikaendelea kusikiliza.

Lakini mbinu nimeipata. Alhamisi napandisha kila mgao bila kuangalia karata zangu. Nisichokijua mimi, Dub atakisomaje usoni mwangu?