Malalamiko Kuhusu Karani Anayependa Kazi

Bosi wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Mimi ni karani wako wa vyeti vya kuzaliwa, yule wa dirishani. Kwa unyenyekevu naomba karani mpya uliyetuletea ahamishwe upesi, kabla hajatumaliza.

1. Siku ya kwanza alilitoa koti langu kitini akalitundika ukutani, akidhani nimelisahau. Bosi, koti hilo limekuwa kazini miaka tisa. Limepokea wageni mimi nikiwa nje napunga upepo, na halijawahi kulalamikiwa. Sasa watu wanaona kiti kitupu, wanauliza niko wapi.

2. Amefungua kabati la maombi ya zamani. Sisi kabati lile hatulifungui. Tulipoajiriwa tulikuwa moto wa kuotea mbali, tukaandika mapendekezo, hayakujibiwa, mioyo ikafa ganzi, na ganzi hiyo tumeizoea. Yeye anasoma ombi mojamoja kwa sauti, jina la mtoto na la mama yake, mpaka unajikuta umeshika kalamu.

3. Jumanne mama mmoja alikuja kuchukua cheti alichokisubiri miaka minne. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru huku machozi yakimtoka. Sikuajiriwa kwa mambo kama hayo. Hata chakula cha mchana kilinishinda.

4. Ugonjwa umefika nyumbani. Nimetengeneza komeo la mlango ambalo mke wangu alishachoka kulitaja. Amemwita dada yake aje anitazame. Kisha nikamuuliza kitinda mimba wetu habari za darasa la nne. Kumbe yuko la saba. Hilo limeniuma, Bosi, nasema kweli.

Kwa mwendo huu foleni itakwisha, na ofisi isiyo na foleni nani ataamini ina kazi? Wewe mwenyewe utaulizwa unafanya nini huko juu.

Nisalimie mhasibu, dereva na mlinzi wa getini, ambaye siku hizi ananipigia saluti bila sababu.

Wako mtiifu, niliyechoshwa na kutochoka,
Karani wa Dirishani

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha nimesikia karani mpya ameomba mwenyewe kuhama, eti tunamkatisha tamaa. Nakusihi umkatalie. Ikiwa ni lazima mmoja aondoke, niondoe mimi, ila isiwe kabla ya Ijumaa: kuna watu saba nimewaahidi.