Arbuni za Geti la Kijani

Asubuhi ya Alhamisi nguzo ya stima iliyotazamana na kibanda cha chai cha Bishara, pale Waberi, ilikutwa imevaa karatasi mpya ya njano. Mahat, dereva wa tuktuk aliyepewa jina la Redio kwa sababu habari haimlali tumboni, hakungoja hata chai imiminwe. Aliisoma kwa sauti ya mtu anayenadi mnyama.

"'Malezi ya mchana, Waberi, geti la kijani! Watoto watacheza, watakula, watalala. Chumba kikubwa chenye hewa safi. Nafasi kumi tu. Tunafungua Jumatatu. Lipa arbuni leo, mtoto wako asikose!'"

Nunow akapaliwa na chai.

Nunow alikuwa dalali wa mifugo, jina lake linajulikana soko zima la Garissa, na sababu ya kupaliwa aliijua yeye na Mola wake. Tangazo lile lilikuwa la mkewe, Ilwad. Chumba kikubwa chenye hewa safi kilikuwa chumba cha nyuma nyumbani kwake, na kwa wakati huo hewa hiyo ilivutwa na mbuzi kumi na wawili. Mbuzi wenyewe Nunow aliwanunua kwa arbuni za kina mama, akijiambia kwamba pesa ikikaa bure inachacha kama maziwa. Alikusudia kuwauza sokoni jana, Jumatano, arudishe pesa mahali pake na Ilwad asijue lolote. Bei ya jana ikamkatalia. Sasa zilibaki siku nne, mbuzi wako chumbani, na mke amebandika karatasi mji mzima.

"Pole, adeer, ami yangu," Mahat akampiga mgongoni. "Hata mimi hii imenikaba. Maze, huu ni ukora! Napita Waberi yote na tuktuk kila siku. Deikea iko wapi? Hakuna bembea, hakuna hata sungura wa kuchorwa ukutani."

"Polepole," akasema Shuaib, karani wa zamani wa kaunti, waliyemwita Kanuni kwa kuwa kazi aliistaafu lakini kanuni hazikumstaafu yeye. "Kutangaza kabla ya kufungua si kosa. Kupokea arbuni si kosa. Swali ni moja. Hiyo karatasi imesema 'lipa' mara ngapi, na 'tutarudisha' mara ngapi?"

Mahat akaifuata kwa kidole. "Lipa, moja. Kurudisha, hakuna."

"Basi hiyo si deikea. Hiyo ni harambee."

"Na tangu lini mtu analipa mtoto alelewe?" Mahat akauliza. "Ayeeyo zetu, nyanya waliotulea, wote wamekufa?"

"Ayeeyo wako yuko wapi sasa?"

"Anauza mashuka kwa WhatsApp."

"Mpelekee mtoto basi. Kabla ya adhuhuri atakuwa amemtia kwenye orodha ya bidhaa."

Wakacheka. Nunow naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekalia msumari. Angenyamaza, angekunywa chai yake, angekwenda zake. Lakini mdomo huponza kichwa.

"Nyinyi mnaonea watu bure," akasema. "Ngamia ya Bute tunanunua namna gani? Simu! Mtu wa huko anakwambia ngamia iko na nundu kama mlima, unatuma arbuni, hujaona hata mkia. Mbona hiyo hamuiti ukora?"

"Ngamia akifa njiani nani analipa?" Shuaib akauliza.

"Dalali."

"Na huyu wa karatasi, mtoto akikosa nafasi Jumatatu atalipa nini? Mtoto mwingine?"

Mahat alicheka hadi kofia ikamwanguka. "Adeer, mbona unamtetea sana? Ni ndugu yako?"

"Mimi nasema haki tu," Nunow akajibu, akaanza kuchunguza chini ya kikombe chake.

Bishara hakuwa amecheka tangu mwanzo. Aliweka chujio chini.

"Mimi nimelipa," akasema.

Wote wakamgeukia. Mwanawe Keinan, wa miaka miwili, alikuwa amekaa kwenye mkeka, shuka imefungwa kiunoni mwake na ncha ya pili kwenye mguu wa benchi, asifike jikoni. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na ngozi mpya ya waridi.

"Mwezi jana alishika birika. Tangu hapo nikimimina chai moja, macho yangu yako kwake mara tatu. Nikasikia kwa wanawake wenzangu kuna mahali watafungua. Nilikuwa siwezi kuacha moto, nikamtuma mdogo wangu Lul na mtoto na arbuni. Lul ametoka Bute juzi tu, hajui mtu hapa. Alimpa mwanamume mmoja getini." Akawatazama mmoja mmoja. "Kama nimeibiwa niambieni. Lakini msinichekee kwenye benchi yangu."

Nunow aliona aibu, si ile ya kufumaniwa. Alikuwa amekunywa chai ya mwanamke huyu miaka sita na hajapata kuuliza ile shuka ilifungwa kwa nini.

"Lul alipewa risiti?" Shuaib akauliza, safari hii kwa upole.

"Risiti gani? Alirudi na hii. Nimefua mara mbili, haitoki."

Akamgeuza Keinan. Mgongoni mwa fulana yake nyeupe palikuwa na mistari miwili ya buluu na nukta moja.

Mahat akasimama. Hakuna mtu wa Garissa asiyejua kwamba mbuzi akishalipiwa arbuni dalali humpiga rangi mgongoni asije akauzwa mara ya pili, na kila dalali ana alama yake.

"Mistari miwili na nukta," Mahat akasema polepole. "Adeer Nunow. Hii si yako?"

Ilikuwa yake. Siku aliyokuja Lul na wale wengine, Ilwad alikuwa kwenye harusi, na Nunow alikuwa na mbuzi wa wateja na kopo la rangi. Mkono wa kulia ukapokea arbuni, wa kushoto ukachovya brashi. Mazoea ya miaka ishirini hayakumuuliza kama aliyesimama mbele yake alikuwa na miguu miwili au minne.

"Wallahi ni mazoea," akasema.

"Umepiga wangapi?"

"Wanane."

"Wanane!" Mahat akajitupa kwenye benchi. "Na meno umewaangalia, adeer? Umewapapasa mbavu?"

"Kanuni inataka kila mtoto atambulike," Shuaib akasema kwa uso mkavu. "Hapo amepita. Bishara, mwulize kuhusu chumba."

"Chumba kipo?" Bishara akauliza.

"Kipo."

"Kina nini ndani?"

Nunow akatazama barabarani, hakuna aliyekuja kumwokoa. "Mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Tuseme... wenu."

"Kwa hiyo deikea imefunguliwa kitambo," Mahat akasema. "Ni watoto tu hawajafika!"

Bishara aliinama, akafungua fundo la ile shuka. "Walaal Nunow, ndugu yangu, sokoni mnyama akishapigwa alama, analala kwa nani mpaka achukuliwe?"

"Kwa dalali."

"Anamlisha nani?"

"Dalali."

"Akiumia?"

"Dalali," Nunow akajibu, sauti imeingia ndani.

Bishara akamweka Keinan mapajani mwa Nunow. "Haye, sawa. Nitamfuata jioni."

Mahat alikuwa tayari ameiwasha tuktuk. "Ngoja niwape habari wale saba wengine!" Na kama ujuavyo, Redio haizimwi.

Nunow alitaka kuinuka, lakini mtoto alimshika kikoi kwa kile kiganja cha waridi, akalala. Akaogopa kumwamsha. Nusu saa baadaye simu ikalia, na sauti ya Ilwad ilisikika hadi jikoni.

"Nunow! Wanawake saba wako getini na watoto! Mahat anasema umefungua leo. Umefungua?"

Akamtazama Keinan. "Nimefungua. Wapokee."

"Na mbuzi?"

"Watoe nje."

"Wakipotea?"

Shuaib aliweka kikombe chini asikie vizuri. Katika miaka ishirini hakuna aliyewahi kumsikia Nunow akisema neno lililofuata.

"Wapotee."

"Alhamdulillahi," akasema Ilwad, "maana nimeshawafukuza na ufagio. Wameshika njia ya huko kwako."

Simu haijakatika vizuri, mbuzi kumi na wawili wakakata kona. Shuaib akainua miguu juu ya benchi. Wa mbele alifikia sinia la mahamri kabla mtu hajasema toba, wengine wakazama chini ya meza, birika likayumba. Bishara akaruka na upawa mkononi.

"Nunow! Ondoa watu wako! Hapa hatupokei yeyote bila arbuni!"