Chanjo Niliyotengeneza Mwenyewe

Jumatatu, 6 Agosti 1984

Mdondo umeingia Gitting. Kuku wanapinda shingo, wanaharisha kijani, wanakufa. Bernadina, Bibi Mifugo wetu, katukusanya kwenye ghala la shamba la ngano, ninapofanya ukarani. Kasema ni kirusi, hakina dawa. Peke yake hakizaliani. Huingia kwenye chembe hai za mwili wa kuku, huzilazimisha kutengeneza virusi vingine, kisha chembe zinakufa. Nikauliza chanjo ni nini. Ni kirusi hicho hicho, kasema, ila kimedhoofishwa, ili mwili ujifunze kupigana nacho. Italetwa wiki ijayo.

Wiki nzima! Kudhoofisha tu? Hata mimi naweza.

Jumanne, 7 Agosti

Nimepata makamasi ya kuku mgonjwa. Nimeyatia kwenye chupa ya wino pamoja na maji. Yatakaa hadi kesho bila chakula. Njaa humdhoofisha hata fahali.

Jumatano, 8 Agosti

Kwa Mama Efrazia, mamake mchumba wangu Fabiola. Ana kuku kumi na wanane, wazima. Mayai yao ndiyo sare za shule za wadogo zake Fabiola. Nikatoa shikamoo, nikaeleza sayansi. Mama akauliza kama Bibi Mifugo anajua. Nikasema ndiye aliyenifundisha. Si uongo. Tone moja kila jicho. Fabiola aliwashika, akanitazama kana kwamba mimi ni daktari.

Jumatatu, 13 Agosti

Chanjo imefika, kwenye chupa ya chai yenye barafu. Kwa Mama Efrazia, Bernadina amekuta kuku wanakoroma, wengine wamelala chini. Wameshaambukizwa, kasema, chanjo haitawaokoa. Ikabidi nimweleze kanuni yangu. Akafunga kifuniko cha chupa yake.

"Nicodemo, kirusi hakina tumbo. Ulikinyima nini?"

Wivu wa kitaalamu.

Alhamisi, 16 Agosti

Kumi na saba wamekufa. Nimechimba shimo mwenyewe, viganja vimetoka malengelenge. Nilimwamkia Mama Efrazia. Hakuitika. Baadaye akasema taratibu, "Afadhali ungekuwa mwizi. Mwizi angeniachia jogoo."

Fabiola hakutoka jikoni. Nilimsikia akilia. Sikula.

Jumatatu, 20 Agosti

Habari njema! Kuku mmoja yu hai. Fabiola kasema, bila kunitazama, kwamba tangu siku ile ya matone kuku huyo alikuwa kwa jirani. Sikumtia tone, na Bernadina ndiye aliyemchanja hukohuko. Mimi naona wazi: dawa yangu ni kali mno. Aliyeikosa amepona, kwa hiyo kosa ni kipimo tu.

Kesho napanda basi la Mbulu. Shangazi Justina ana kuku thelathini, na ananiamini. Safari hii hakuna tone. Nitawanusisha tu.