Besi Haimo Kwenye Orodha

"Elfu tisini!" Soli, fundi viatu, alipiga ukelele mpaka nyundo ikamponyoka, ikaangukia kiatu cha mteja. "Elfu tisini ya kusimama? Bunge, hebu soma tena. Labda umesoma namba ya simu."

Bunge ndiye kinyozi wa kona ile. Jina alilipata kwa sababu huongea bila kupewa nafasi, na akipewa nafasi hamalizi. Alikuwa amesimama mlangoni, mashine ya kunyolea mkono huu, simu mkono ule, na ndani kuna mteja aliyenyolewa nusu kichwa anangoja.

"Tamasha la muziki, Jumamosi hii, uwanja wa mpira," Bunge akasoma kwa sauti ya mtangazaji. "Kawaida, kusimama, elfu tisini. Fedha, kukaa, laki na nusu. Dhahabu, kukaa mbele, laki tatu. Almasi, bei kwa maelewano."

"Hiyo almasi unapanda jukwaani unaimba mwenyewe?" akauliza Shangazi, muuza kahawa. Hakuwa shangazi wa yeyote pale, lakini hata wazee waliomzidi umri walimwita hivyo, maana ndiye aliyeamua nani anakunywa na nani amekunywa ya kutosha.

"Mwaka jana kusimama ilikuwa elfu thelathini," Soli akalalama. "Kwani miguu yetu mwaka huu imeongezeka?"

"Ngoja, hujasikia. Kuna ada ya huduma, elfu nne."

"Huduma ipi?"

"Ya kukuuzia tiketi."

"Yaani ananiuzia, halafu ananitoza kwa kuniuzia! Na mimi nikushonee kiatu, kisha nikutoze kwa kushika sindano?"

"Na ada ya kuchapisha, elfu mbili."

"Inachapishwa wapi?"

"Haichapishwi. Inakuja kwenye simu."

Soli alitazama juu kama mtu anayemtaka Mungu awe shahidi. "Huu ni wizi wa mchana! Mtu anayefanya biashara namna hii hana haya, hana utu, na hana mama!"

"Hana hata shangazi," Bunge akaunga mkono. "Muziki ni hewa, jamani! Unamtozaje mtu hewa? Mimi ningekuwa na uwanja, wangeingia wote bure, na ningewasalimia mlangoni mmoja mmoja!"

Mtu mmoja tu hakutia neno. Besi, fundi wa redio na feni, alikuwa ameketi juu ya kreti, feni imefunguliwa mapajani, anaikaza skrubu ambayo ilikwisha kukazwa tangu zamani. Miaka kumi na moja ya ujana wake alipiga gitaa la besi katika bendi iliyojaza kumbi, na ndiko jina lilikotoka. Bendi ilipovunjika, gitaa liligeuka ada ya shule ya mtoto wa pili. Kwa kawaida ukitaja muziki pale kijiweni, Besi ndiye wa kwanza kukukosoa. Leo aliendelea na skrubu yake.

"Mstari wa mwisho," Bunge akaendelea. "Atafunga jukwaa mwimbaji mkongwe, Bi Chiriku, aliyerejea baada ya miaka ishirini ughaibuni. Ataimba nyimbo zote za zamani, ukiwemo ule wa 'Ngoja Nifunge Kilemba.'"

Macho yote yakamgeukia Besi. Wimbo ule wa bendi ya Besi kila mtu aliujua. Mwanamke anaitwa na mpenzi wake mlangoni, naye anamwambia asubiri kwanza afunge kilemba. Gitaa la besi haliingii hata kidogo, mpaka kilemba kikae. Kikishakaa, linaingia, na ukumbi mzima unainuka.

"Besi," Soli akasema taratibu, "si wewe uliyepiga pale?"

"Ni mimi."

"Na wimbo wenyewe si ulitungiwa mkeo?"

"Alikuwa anachelewa," Besi akasema. "Kila nikienda kumchukua, kilemba."

"Basi ingia bure!"

Besi akaiweka bisibisi chini. Ikabidi aseme. Habari ile aliisikia wiki mbili nyuma, kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza. Akaenda nyumbani kifua mbele, akamwambia mkewe, "Mama watoto, jiandae. Chiriku karudi. Hawezi kuimba bila mimi kualikwa. Watanitafuta tu."

"Wamekutafuta?" Soli akauliza.

"Aliyenitafuta ni mwenye feni hii."

"Na shemeji?" akauliza Shangazi.

"Ameshona gauni la manjano. Liko tayari tangu Jumatatu. Amewaonyesha majirani wa kushoto na wa kulia, na jana alikuwa anamwita wa mbele."

Kijiwe kizima kikaguna. Hapo hasira za bei zikageuka kuwa mipango. Bunge akashauri Besi avae ovaroli, aingie na mafundi wa umeme. Besi akasema hajawahi kuingia kwenye muziki kwa mlango wa nyuma. Soli akataka wachange palepale, Shangazi akazungusha kikombe kitupu. Kiliporudi, kilichokuwamo kingetosha mtu kusimama kwa mguu mmoja, tena nje ya uwanja.

"Nenda wanakouza tiketi ukawaambie wewe ni nani," Shangazi akakata shauri. "Mdomo haulipiwi ada."

"Usimwombe kitu huyo mwenye tamasha," Soli akaonya, lakini alikwisha kuvua aproni yake amsindikize.

Kibanda cha tiketi kilikuwa upande wa pili wa uwanja, pembeni ya lango. Ndani alikaa binti mwenye kucha ndefu na kompyuta ndogo.

"Karibuni wazee, shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," Besi akasema. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, sasa yakamtawanyika. "Mimi... mimi ndiye Besi."

Binti akaangalia kwenye kioo, akashusha orodha, akaipandisha. "Besi haimo, baba. Kuna Kawaida, Fedha, Dhahabu na Almasi."

"Siyo daraja! Besi ni huyu hapa!" Soli akadakia. "Huyu ndiye aliyepiga 'Ngoja Nifunge Kilemba'!"

"Alimpiga nani?"

"Gitaa, mwanangu. Alipiga gitaa."

Binti akamtazama Besi kwa huruma ya kweli. "Baba, tangu asubuhi wewe ni wa nne. Mmoja alisema ni mdogo wake Bi Chiriku, mwingine ni mumewe wa kwanza. Wa tatu alisema yeye ndiye Bi Chiriku. Mimi ningekupa, Mungu shahidi, lakini mashine haina mahali pa kuandika."

Besi akamshukuru, akageuka. Wakashika njia ya kurudi. Soli, mtu anayeweza kugombana na kiatu, alikuwa akiyapiga mawe teke.

Nyumbani Besi alimkuta mkewe akipiga pasi gauni ambalo halikuwa na mkunjo. Akamweleza yote kwa pumzi moja, amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.

Mkewe akaichomoa pasi. "Kwa hiyo hawakukujua."

"Hawakunijua."

"Hata kidogo?"

"Walidhani mimi ni bei."

Besi alitaka mkewe acheke, lakini hakucheka. Alilitazama gauni, kisha akamtazama yeye. "Sasa hili nilivae wapi, baba watoto? Niende nalo kununua mkaa?" Kabla hajajibiwa akalikunja, akaliweka kabatini, akafunga kabati kwa ufunguo. Ufunguo ule ndio uliomuumiza Besi kuliko yote. Kabati lile lilikuwa halijawahi kufungwa tangu wahamie.

Ijumaa asubuhi, Bunge akaja kijiweni anakimbia.

"Paa!" akasema. "Jamani, tumekuwa vipofu. Paa!"

Duka lake la kunyolea lilikuwa chini ya jengo la zege ambalo mwenye nyumba alianza kulijenga akaishiwa. Juu hakuna ghorofa ya pili, kuna sakafu tupu, tangi la maji na nondo zilizochomoza. Ng'ambo ya barabara ndiyo ukuta wa uwanja. Ukisimama juu ya lile zege, jukwaa lote unaliona kana kwamba limewekwa kwa ajili yako.

Besi akamshika mkono kwa mikono miwili. Akaenda kumwambia mkewe. Jioni ile Besi aliukuta ufunguo umerudi kwenye kitasa cha kabati.

Jumamosi saa nane mchana, saa ya wanamuziki kufanya mazoezi, Besi alifika na mama watoto. Gauni la manjano liliwaka mtaa mzima. Chini ya ngazi, kwenye kiti cha kunyolea alichokitoa nje, aliketi Bunge. Alikuwa na daftari, na kadi kifuani imeandikwa kwa mkono: MRATIBU.

"Karibuni," akasema. "Mna nafasi zenu, au mnakata sasa?"

"Kukata nini?"

"Tiketi. Zege kawaida, kusimama, elfu mbili. Zege fedha, unakalia ndoo, elfu tatu. Dhahabu ni kule ukingoni penye kivuli cha tangi. Hiyo ni ya mazoezi tu, ya jioni ni nyingine."

Soli alikuwa pale, ameshika kiuno, amevimba. "Mimi kaniambia tiketi za mapema, za bei nafuu, ziliisha jana! Jana nilikuwa naye kutwa nzima!"

"Uliuliza?"

"Na ada ya ngazi! Mia tano!"

"Ngazi nimeiazima," Bunge akasema bila kupepesa jicho. "Gharama zimepanda, ndugu zangu. Nyinyi wenyewe mnaona hali."

Besi alikuwa amefungua mdomo, mkewe akamzuia. Akatoa noti kwenye pochi, akaiweka kwenye daftari. "Shika, Bunge. Watu wawili, kusimama. Nimeshavaa, sirudi." Akaukusanya upindo wa gauni, akaipanda ngazi kama malkia anayekagua mnara, Shangazi akimshikia ngazi chini.

Juu walikuwa watu wapata thelathini. Kule uwanjani vijana wa bendi walikuwa wakijaribu vyombo, mmoja mmoja. Kisha akatoka Bi Chiriku, amevaa kandambili na miwani ya kusomea, akashika kipaza sauti, akaanza kuimba polepole. *Ngoja nifunge kilemba...*

Besi akashika nondo. Akaanza kuhesabu moyoni, kama zamani. Ikabaki mizunguko miwili. Ndipo kijana wa besi kule jukwaani akaingia.

"BADO!"

Lilimtoka lenyewe, kabla hajajua. Likavuka barabara, likavuka ukuta. "Bado, we kijana! Hajamaliza kufunga!"

Muziki ukakatika. Watu wa juu ya zege wakajikunja kama watoto waliovunja kioo. Bi Chiriku akavua miwani.

"Nani huyo?" kipaza sauti kikauliza mtaa mzima. Kisha kikaja na kicheko. "Duniani kuna mtu mmoja tu anayenipigia kelele hivyo. Besi! Ni wewe juu ya jengo hilo? Unafanya nini huko juu, wewe mwehu? Shuka!"

Walipofika langoni, mlinzi aliuliza tiketi. Bi Chiriku, aliyekuja mwenyewe na kandambili zake, akamwambia tiketi ndiyo hii, akamshika Besi mkono. Mke wa Besi akamkumbatia Chiriku kwa nguvu hadi miwani ikamponyoka mkononi. "Bado unachelewa?" Chiriku akamuuliza. "Siku hizi nachelewa zaidi," mama watoto akajibu.

Kijana wa besi hakununa. "Shikamoo mzee," akasema, akamvisha gitaa mwenyewe. Lilikuwa jepesi kuliko lile lake. Besi akazitazama nyuzi, akazitazama ncha za vidole vyake zilizounguzwa na miaka mingi ya risasi ya kuchomelea nyaya za redio. Chiriku akaanza upya.

Mama watoto alikuwa amebaki katikati ya majani, uwanja wote wake peke yake. Upepo ukalichukua lile gauni. Besi akamtazama. Akamtazama zaidi kidogo ya ilivyofaa, hesabu ikampotea, vidole vikaamua vyenyewe.

Akaingia mapema. Mizunguko miwili mapema, palepale alipokosea kijana.

Chiriku akaacha kuimba. Kutoka juu ya zege, sauti ya Soli ikashuka waziwazi: "Bunge! Rudisha nusu! Mzee kakosea!"

Kijana wa besi akageuka kuficha kicheko. Chiriku hakuficha. Mama watoto akashika kiuno kule majanini. "Baba watoto! Ujana mzima ulikuwa unaningojea mlangoni, leo uzeeni ndio umepata haraka?"

Besi akacheka mpaka akapangusa macho kwa mkono wa shati. Wakaanza mara ya tatu. Safari hii aliangalia viatu vyake, akahesabu kwa midomo, akangoja. Kilemba kikafungwa, kikakazwa, kikakaa. Akaingia.

Hakuthubutu kuinua kichwa. Aliona tu upindo wa manjano ukipita pembeni ya jicho lake, ukarudi, ukapita tena, na viatu viwili vya kike vimeachwa kwenye majani. Wimbo ulipokwisha, Chiriku alikuwa anamwambia mtu mwenye karatasi kwamba jioni kuna wawili wa kwake watakaokaa kando ya jukwaa. Yule mtu alisema orodha imefungwa, naye akamwambia aifungue.

Besi akainua macho hadi juu ya zege. Watu thelathini walikuwa wanapiga makofi, Soli anapenga kamasi kwenye aproni.

"Haya, haya!" Bunge akapaza sauti, daftari juu. "Mazoezi yamekwisha! Anayetaka kubaki hadi jioni anilipe ya jioni, na ada ya ngazi upya!"

Makofi yakakoma. Kutoka jukwaani Besi aliwaona wakimzunguka, Shangazi akiwa mbele. Hakuna aliyempiga, wala hakuna aliyemtukana. Walimsindikiza kwa adabu hadi ukingoni, Bunge akashuka akiongea, kichwa chake kikapotea taratibu nyuma ya ukuta, bado kinaongea.

Kisha Soli akainama, na ngazi ikaanza kupanda juu, kidato kwa kidato, mpaka ikalala yote juu ya zege.